Visima vya Uangalizi Katika Uchimbaji wa Madini kwa Kuyeyusha: Masharti Yabadilishwe Lini?

Kwa mazoea ya watu wengi, mgodi ni shimo. Likitajwa jina la Mwadui au la Geita, mara huwajia akilini bonde lililochimbwa, malori makubwa na vilima vya kifusi. Lakini iko njia nyingine ya kuchimba madini isiyoacha shimo wala kifusi kikubwa. Kwa njia hiyo mwamba haupandishwi juu. Myeyusho hushushwa chini kwa visima, huyeyusha madini pale pale yalipo, kisha maji yaliyobeba madini huvutwa juu kwa pampu. Njia hiyo huitwa uchimbaji kwa kuyeyusha. Chumvi imechimbwa hivyo kwa muda mrefu katika nchi nyingi, na siku hizi zaidi ya nusu ya urani inayochimbwa duniani hupatikana kwa njia hiyo, sehemu kubwa ikitoka Kazakhstan.

Kwa kuwa kazi yote hufanyika ndani ya maji yaliyo chini ya ardhi, mgodi wa namna hii hauwezi kukaguliwa kwa macho. Badala yake hutobolewa visima vya uangalizi, na serikali huweka masharti juu yake: visima viwe vingapi, viwe umbali gani, maji yapimwe mara ngapi, kipimwe nini, na kiwango gani kihesabiwe kuwa ishara ya hatari. Masharti hayo hayakai milele. Mwenye mgodi huomba yalegezwe ili kupunguza gharama. Wakazi wa jirani huomba yakazwe ili kulinda maji yao. Makala haya yanaeleza sayansi inayopaswa kuamua maombi hayo, kwa kutumia hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari aweza kuzifanya mwenyewe.

Jambo la msingi ni hili: kila sharti la uangalizi lilizaliwa na swali fulani kuhusu mwendo wa maji. Sharti laweza kubadilishwa iwapo swali hilo limekwisha kujibiwa kwa vipimo vya mahali penyewe. Likibadilishwa kabla ya hapo, hasara huwaangukia wale wanaokunywa maji hayo.

Jinsi urani inavyoyeyushwa

Urani iliyomo katika miamba ya mchanga ilifika huko kwa maji. Hapo kale, maji yenye oksijeni yaliibeba ikiwa imeyeyuka. Yalipofika mahali palipokuwa na masalia ya mimea, au madini ya chuma na salfa, oksijeni ilikwisha. Urani ikageuka, ikaacha kuyeyuka, ikaganda juu ya chembe za mchanga. Mkemia angesema kwamba urani ilitoka katika hali ya oksidisho ya sita na kuingia katika hali ya nne.

Mchimbaji hugeuza mambo hayo. Hushusha maji ya tabaka lile lile baada ya kuyatia oksijeni pamoja na sodiamu bikaboneti au kaboni dioksaidi. Oksijeni huirudisha urani katika hali ya sita, na bikaboneti huishika na kuifanya ielee ndani ya maji. Hiyo ndiyo njia ya Marekani, ambako majaribio yalianza huko Wyoming mwanzoni mwa miaka ya 1960 na uzalishaji wa kibiashara ukaanza kusini mwa Texas katikati ya miaka ya 1970. Huko Kazakhstan hutumika zaidi asidi ya salfuriki.

Yafaa kukumbuka kwamba myeyusho huo hauchagui. Ukiisha kuilegeza urani, huweza kulegeza pia aseniki, seleni na radiamu. Maji yaliyokuwa yametulia kwa maelfu ya miaka huwa maji mengine kabisa, na kazi ya mgodi ni kuyazuia yasitoke nje ya eneo lake.

Jinsi maji yanavyozuiwa

Kizuizi cha kwanza ni cha asili. Tabaka la mchanga lenye urani sharti liwe limefunikwa juu na kutandikwa chini na matabaka ya mfinyanzi yasiyopitisha maji kwa urahisi. Kizuizi cha pili ni cha pampu. Kila siku mgodi huvuta maji mengi kidogo kuliko yale unayoshusha, kwa kawaida ziada ya asilimia 1 hadi 3. Kwa mfano, mgodi ukivuta meta za ujazo 10,000 kwa siku na kushusha 9,900, kuna upungufu wa 100. Upungufu huo hujazwa na maji ya pembeni yanayoingia ndani. Maadamu maji ya pembeni yanaingia, myeyusho hautoki.

Lakini pampu huharibika na umeme hukatika. Visima vya kushushia huzibwa na uchafu, na upande mmoja wa uwanja huweza kushushiwa maji mengi kuliko upande wa pili. Mabomba ya visima hupasuka. Tena yako matundu ya zamani, yaliyotobolewa na watafuta madini na kuachwa bila kuzibwa kwa saruji. Matundu hayo hutoboa mfinyanzi na kuwa njia ya maji kupanda au kushuka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; hapa hata ukuta hauwezi kujengwa, kwani ufa uko mamia ya meta chini ya ardhi. Myeyusho ukipita mpaka wake kwa sababu yoyote kati ya hizo, husemwa kwamba pametokea utorokaji.

Visima vya uangalizi vimewekwa kuukamata utorokaji mapema. Vya aina ya kwanza huuzunguka uwanja kama pete. Katika migodi ya Marekani pete hiyo kwa kawaida huwa meta 90 hadi 150 kutoka ukingo wa uwanja, na umbali kati ya kisima na kisima huwa karibu kama huo. Vya aina ya pili huingia katika tabaka la maji lililo juu ya mfinyanzi, na vya tatu katika lile la chini. Maji ya visima hivyo hupimwa kila baada ya majuma mawili wakati mgodi unafanya kazi.

Hesabu ya mwendo wa maji

Tuseme mgodi umefanya kazi miaka mitano bila utorokaji wowote. Mwenye mgodi anaomba maji yapimwe kila baada ya miezi mitatu badala ya majuma mawili. Je, akubaliwe?

Hesabu huanzia kwa Mfaransa Henry Darcy, mhandisi wa maji wa mji wa Dijon, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1856. Kwa lugha nyepesi, kasi ya maji ndani ya mchanga hupatikana kwa kuzidisha uwezo wa mchanga kupitisha maji kwa mteremko wa maji, kisha kugawanya kwa sehemu ya mwamba iliyo wazi, yaani vinyweleo.

Chukua mchanga unaopitisha maji kwa kiasi cha meta 0.5 kwa siku, vinyweleo vikiwa 0.25, na mteremko wa asili ukiwa 0.005, yaani maji hushuka meta 5 katika kila meta 1,000. Kasi yake ni:

0.5 × 0.005 ÷ 0.25 = meta 0.01 kwa siku.

Hii ni sentimeta moja kwa siku, au meta 3.65 kwa mwaka. Kama pete iko umbali wa meta 120, maji yatachukua siku 12,000, takriban miaka 33, kuifikia. Akionyesha hesabu hii, mwenye mgodi aweza kudai kwamba hata kupima mara moja kwa mwaka ni kupita kiasi.

Hata hivyo hesabu hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, mteremko wa asili haupo tena pale pampu zinapofanya kazi. Upande mmoja ukishushiwa maji kupita kiasi, mteremko wa kwenda nje waweza kufika 0.05, mara kumi ya ule wa asili. Kasi inakuwa meta 0.1 kwa siku, na safari ya meta 120 inakuwa siku 1,200.

Pili, mchanga haufanani kila mahali. Miamba hii ilijengwa na mito ya kale, na ndani yake mna mikondo ya changarawe iliyozungukwa na mchanga laini. Mkondo mmoja wa changarawe waweza kupitisha meta 5 kwa siku. Kwa mteremko ule ule wa 0.05:

5 × 0.05 ÷ 0.25 = meta 1 kwa siku.

Sasa safari ya miaka 33 imekuwa siku 120. Sampuli ikichukuliwa kila siku 14, maji yanayotoroka yatakuwa yamesogea meta 14 tu kati ya kipimo na kipimo. Ikichukuliwa kila siku 90, yatakuwa yamesogea meta 90. Kipimo kilichofanywa siku moja kabla myeyusho haujafika kisimani kitaonyesha maji safi, na kipimo kinachofuata kitakuta maji mabaya yamekwisha kupita pete na kwenda mbali.

Hivyo swali la kumwuliza mwombaji ni hili: je, mkondo wenye kasi kuliko yote katika uwanja wako umepimwa? Wastani wa uwanja mzima haujibu swali hilo. Jibu hupatikana kwa vipimo vya pampu. Maji huvutwa katikati ya uwanja, na kina cha maji hutazamwa katika kila kisima cha pete. Kisima ambacho maji yake hayashuki hakina mawasiliano na uwanja. Kimetobolewa mahali pasipostahili, na idadi ya sampuli zake, hata zikiwa elfu, haina maana.

Vipimo hivyo vya pampu hufundisha jambo jingine pia. Msukumo wa maji husafiri upesi kuliko maji yenyewe. Uwanja ukishushiwa maji kupita kiasi, kina cha maji katika visima vya pete huweza kupanda baada ya saa au siku chache, wakati ambapo kemikali zingehitaji miezi. Mwenye mgodi anayeweka vipimaji vya kina vinavyoandika kila siku, na kuonyesha kwamba vinahisi msukumo kutoka kila upande, ana hoja ya maana ya kuomba sampuli za kemia zipunguzwe, kwani swali la zamani amelijibu kwa njia iliyo bora. Anayeleta miaka mitano ya utulivu peke yake ameonyesha tu kwamba pampu hazikukosea katika miaka hiyo.

Kuisogeza pete

Ombi la pili hutokea mara kwa mara: pete isogezwe mbali zaidi. Sababu inayotolewa yaweza kuwa ya kweli. Myeyusho hutanuka kidogo kuzunguka visima vya ukingoni kisha huvutwa tena ndani, na kisima kilicho karibu mno huweza kutoa kelele za hatari pasipo hatari.

Lakini gharama ya kusogeza lazima ihesabiwe. Uchukuliwe uwanja wa duara wenye nusu kipenyo cha meta 200, na tabaka lenye unene wa meta 10. Pete ikiwa meta 120 kutoka ukingoni, eneo kati ya uwanja na pete ni takriban meta za mraba 196,000, na maji yaliyomo ndani ya vinyweleo vyake ni meta za ujazo zipatazo 490,000. Pete ikisogezwa hadi meta 240, maji hayo huwa meta za ujazo 1,206,000. Umbali umezidishwa mara mbili, lakini maji yanayoweza kuharibika kabla ya mtu kujua yameongezeka karibu mara mbili na nusu. Tena mzunguko wa pete umerefuka. Visima visipoongezwa, nafasi kati yake hupanuka, na mkondo mwembamba wa changarawe waweza kupenya katikati bila kuguswa na kisima chochote.

Kipimwe nini?

Wanafunzi wengi watashangaa kusikia kwamba katika mgodi wa urani kitu kinachotafutwa kwanza visimani si urani. Mwongozo wa Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani uliotolewa mwaka 2003 unataja viashiria vitatu vinavyofaa: kloridi, uwezo wa maji kupitisha umeme, na jumla ya alkali.

Sababu ni ya kikemia. Urani ikitoka uwanjani huweza kukutana na mwamba usio na oksijeni, ikaganda njiani na kuchelewa. Kloridi haigandi wala haishikwi na mfinyanzi. Husafiri sambamba na maji. Nayo huwa nyingi katika myeyusho kwa sababu hutoka katika resini zinazotumika kuikamata urani kiwandani. Alkali huongezwa na bikaboneti, na chumvi zote kwa pamoja huongeza uwezo wa kupitisha umeme. Kwa hiyo viashiria hivi ni tarishi anayetangulia msafara.

Hapa pia mabadiliko yaweza kuwa halali. Mahali ambapo maji ya asili yana chumvi nyingi, kloridi ya myeyusho haitatambulika, na kiashiria kingine huhitajika. Lakini haitoshi kusema kwamba kiashiria fulani hakijawahi kupanda. Aidha, kutumia kloridi kama tarishi hakuondoi haja ya kuipima urani yenyewe, radiamu, aseniki na seleni pale ambapo utorokaji umekwisha kuonekana, kwa kuwa hizo ndizo zinazodhuru afya.

Kiwango cha tahadhari

Maji ya kisima hayatoi kipimo kile kile kila siku. Ni lazima pawekwe kiwango ambacho kikipitwa watu waamke. Katika migodi mingi ya Marekani hutumika kanuni hii: huchukuliwa wastani wa vipimo vya kabla ya uchimbaji, kisha huongezwa mara tano ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko wa namba kuzunguka wastani wake. Kwa mwongozo uliotajwa, utorokaji huhesabiwa kuwa umetokea viashiria viwili vinapopita viwango vyake, au kimoja kinapokipita chake kwa asilimia 20. Hapo sampuli ya uthibitisho huchukuliwa, na ikithibitika, kisima hupimwa kila juma na mtiririko wa pampu hurekebishwa mpaka maji yarudi katika hali yake.

Kanuni hiyo yaonekana salama, lakini hebu ijaribiwe. Kisima kimetoa kloridi ya miligramu 18, 20, 21, 19 na 22 kwa lita. Wastani ni 20, mkengeuko sanifu ni 1.58, na mara tano yake ni 7.9. Kiwango cha tahadhari kinakuwa karibu 28.

Sasa iongezwe sampuli ya sita yenye miligramu 38. Pengine ilichukuliwa kabla maji yaliyolala ndani ya bomba hayajavutwa na kumwagwa, au kabla kisima hakijasafishwa baada ya kutobolewa. Wastani unapanda hadi 23, lakini mkengeuko sanifu unaruka hadi 7.48. Kiwango cha tahadhari sasa ni 60. Sampuli moja mbovu imekipandisha zaidi ya mara mbili! Myeyusho utakaoifikisha kloridi hadi 50 utapita kimya kimya, na daftari litaandika kwamba hali ni shwari.

Kwa sababu hiyo, ombi la kubadilisha kiwango cha tahadhari linastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko maombi mengine yote. Pete iliyosogezwa huonekana katika ramani, na ratiba iliyopunguzwa huonekana katika kalenda. Kiwango kilichopandishwa kimejificha ndani ya hesabu, na asiyejua hesabu hataona kilichobadilika. Mkaguzi hana budi kudai namba zote za mwanzo, sababu ya kila sampuli iliyoingizwa na ya kila iliyotupwa.

Baada ya uchimbaji

Urani ikiisha, mgodi hutakiwa kurudisha maji katika hali yake. Maji ya uwanja huvutwa ili yale safi ya pembeni yaingie. Mengine husukumwa kupitia utando mwembamba unaozuia chumvi, kisha yakarudishwa chini. Pengine hutiwa kemikali ya kuondoa oksijeni ili urani igande tena. Kazi hii ni ngumu. Mwaka 2009 ripoti ya Shirika la Upimaji wa Jiolojia la Marekani kuhusu migodi ya Texas ilionyesha kwamba, katika viwanja ambavyo vipimo vya mwisho vilipatikana, hapakuwa na hata kimoja ambacho kila elementi iliyopimwa ilirudi katika kiwango cha awali.

Je, uangalizi uendelee kwa muda gani? Suala hili lilizua mabishano makubwa nchini Marekani. Mwezi Januari 2015, Shirika la Hifadhi ya Mazingira la nchi hiyo lilipendekeza kwamba, baada ya maji kuonyesha utulivu, uangalizi uendelee kwa miaka 30, ila mgodi upewe nafasi ya kufupisha muda huo ukileta vipimo na hesabu za kutosha. Wachimbaji walipinga. Mwezi Januari 2017 pendekezo jipya liliacha muda huo maalumu, na mwezi Oktoba 2018 pendekezo zima likaondolewa.

Mwanafunzi aliyefuatana na hesabu za hapo juu anaweza kulipima suala hilo mwenyewe. Pampu zikizimwa, maji hurudi kwenye mwendo wake wa asili, ule wa meta 3.65 kwa mwaka. Mwaka mmoja wa vipimo vizuri hueleza habari za meta zisizozidi 4 za safari. Miaka 30 hueleza habari za meta 110, karibu umbali wa pete. Hii haina maana kwamba kila mgodi unahitaji miaka 30. Mwamba wenye uwezo wa kuondoa oksijeni waweza kuigandisha urani mapema, na uwezo huo hupimika maabara. Ina maana kwamba muda wa uangalizi lazima ulingane na mwendo wa maji, wala si na kalenda ya kampuni.

Funzo kutoka Stráž pod Ralskem

Kuna nyakati ambapo masharti yanapaswa kukazwa ingawa mgodi haujakosea. Mfano wake uko Stráž pod Ralskem, katika nchi iliyokuwa Czechoslovakia na sasa ni Jamhuri ya Cheki. Huko urani iliyeyushwa kwa asidi tangu miaka ya 1960 hadi 1996, na zaidi ya tani milioni 4 za asidi ya salfuriki ziliingizwa ardhini. Jirani yake, huko Hamr, palikuwa na mgodi wa kawaida wa chini ya ardhi. Mgodi wa kuyeyusha ulihitaji maji yabaki. Mgodi wa jirani ulihitaji maji yatolewe ili wachimbaji wasizame. Kila pampu ya Hamr ilipovuta, ilijenga mteremko wa kuuvuta myeyusho wa Stráž, hata ikabidi kujengwa kizuizi cha maji yanayosukumwa chini kati ya migodi hiyo miwili. Uchafu ulienea katika tabaka lenye urani, na sehemu yake ikafika katika tabaka la juu linalotumika kwa maji ya kunywa. Kazi ya kusafisha ilianza mwaka 1996, nayo ni kazi ya makumi ya miaka.

Kwa hiyo ratiba iliyopangwa kwa kuutazama mgodi mmoja hupoteza maana pale jirani anapoanza kuvuta maji, awe mchimbaji, mkulima wa umwagiliaji au mji unaokua. Mwendo wa maji umebadilika, na swali la zamani limefunguka upya.

Suala hili na Tanzania

Mambo haya hayako mbali na Afrika Mashariki. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe ili eneo la urani la Mto Mkuju, upande wa Namtumbo, litoke ndani ya eneo la urithi. Maji ya sehemu hiyo huelekea upande wa Luwegu, mto ambao ukiungana na Kilombero hufanya Rufiji. Mpango wa msingi wa mradi huo umekuwa wa shimo la wazi. Lakini shimo la wazi nalo lina visima vyake vya uangalizi, na maswali yake ni yale yale: mkondo ulio mwepesi kuliko yote uko wapi, maji ya mwanzo yalikuwaje, na nani mwingine anayavuta.

Maswali hayo yatahitaji kujibiwa na Watanzania wenyewe, katika maabara, katika ofisi za mabonde ya maji na katika mikutano ya vijiji. Maji ya mwanzo hupimwa mara moja tu, kabla ya kazi kuanza. Nafasi hiyo ikipita bila vipimo safi, hakuna kanuni ya hisabati itakayoirudisha.

Mazoezi

1. Mchanga unapitisha maji kwa kiasi cha meta 2 kwa siku, vinyweleo ni 0.20, na mteremko ni 0.01. Tafuta kasi ya maji. Je, yatachukua siku ngapi kufika kisima kilicho umbali wa meta 100? (Jibu: meta 0.1 kwa siku, siku 1,000.)

2. Kisima kimetoa kloridi ya miligramu 30, 32, 31, 29 na 33 kwa lita. Tafuta kiwango cha tahadhari kwa kanuni ya mara tano ya mkengeuko sanifu. Kisha ongeza sampuli ya miligramu 49, ukokotoe upya. (Jibu: karibu 39; kisha karibu 71.)

3. Jaribio. Jaza mchanga safi katika beseni refu, na katikati yake upitishe mfereji mwembamba wa changarawe kwa urefu wote, kisha funika kwa mchanga. Simika mirija yenye matundu kama visima: mitatu ndani ya mchanga na mmoja juu ya mfereji. Lowesha beseni kwa maji ya kawaida, liinamishe kidogo, uache maji yatoke upande wa chini. Mimina maji ya chumvi polepole upande wa juu. Kila baada ya dakika mbili vuta maji kidogo katika kila mrija, upime jinsi yanavyopitisha umeme kwa kutumia betri na ameta ndogo. Chora grafu ya kila mrija. Ni mrija upi uliopokea chumvi kwanza? Kama usingeuweka mrija huo, ungesema nini kuhusu usalama wa maji?

4. Mjadala wa darasa. Kundi moja liwe wenye mgodi wanaoomba sampuli zichukuliwe kila miezi mitatu. La pili liwe wanakijiji wenye kisima umbali wa kilometa moja. La tatu liwe wakaguzi. Kila kundi lilete hesabu zake. Wakaguzi waeleze ni kipimo gani kilichowafanya waamue walivyoamua.